Filimbi ya Rehani

Tarehe 9 Februari

Mwanangu Kiberiti,

Hujambo huko kwenye ghala lako la dawa? Huku wazima, ila baba yako mgongo umemkamata tena, anatembea kama mtu aliyeangusha sindano. Mama yako anamkanda kwa maji ya moto huku anamsema, na kaka yangu anavumilia vyote viwili. Sare za shule zimejaa mpaka juu ya kabati, na mkanda wa cherehani umekatika katikati ya kazi, kama kawaida yake.

Mimi nimetoka kwa daktari. Sukari imepanda. Kasema kukaa kwenye cherehani toka asubuhi mpaka jioni kutanimaliza, nitembee. Nikamwambia mbona natembea, kutoka kitandani mpaka dukani. Akacheka, mtoto mdogo yule, akaandika "mazoezi" kwenye cheti kama vile nitakwenda kuyanunua. Basi nikakukumbuka wewe. Miaka yote ulinibembeleza nijiunge na kundi lako la wanawake wa mlimani, nami nikikujibu kwamba mlima haujanikosea kitu, niufuate wa nini. Sasa umehama, ndiyo nataka. Cheka tu, nakusikia.

Kundi lipo. Limeshikwa na yule Bi Dereva wa gari la mikate, uliyemfundisha mwenyewe. Mwezi ujao wanapokea wanaoanza. Lakini wewe nifundishe kwanza, kwa barua, nisifike pale nikaonekana gunia. Simuni sitaki. Simuni napiga kelele tu, la maana nalisahau.

Kwanza viatu, maana nilivyo navyo ni vya kukaa navyo dukani tu. Pili, ile filimbi yako niliyoishonea kamba, ya vipande vya sare vya kahawia na uzi wa chungwa kwa kuwa mweusi uliniishia siku ile. Kama huko huitumii, nitumie mimi.

Mama Vifungo bado tumepakana ukuta, na duka lake la nyuzi. Hatusemezani. Nasikia mkono haukuunga vizuri, sikuuliza. Mtu niliyekula naye sahani moja, halafu mwaka jana anasimama barazani kwangu na mkono kwenye bandeji na kusema eti ulimtelekeza mlimani, wakati wewe ulimwambia ashuke na wenzake akakataa kwa ukaidi wake! Nilimkatiza palepale. Mtoto wa kaka yangu hasemi uongo, nilimwambia, na barazani kwangu usirudi. Sasa uzi nanunua upande wa pili wa mji kwa mtu anayenipunja. Potelea mbali.

Nijibu upesi, kabla sijaghairi.

Shangazi yako, Fundi


Tarehe 26 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha chai kazini, nikacheka mpaka chai ikanitoka puani. Mwambie baba alale chali sakafuni, mto chini ya magoti, na mama apunguze maneno, maji ya moto yanatosha. Mimi mzima. Ghala ni kubwa, baridi, na bosi wetu anavaa koti hata akiwa ofisini kwake juani.

Sasa sikiliza, mwanafunzi wangu. Viatu nunua jioni, mguu ukiwa umevimba na kazi, na uvijaribu na soksi zile utakazopandia. Dole gumba lisiguse mbele. Kupanda hakuumizi vidole, kushuka ndiko kunakoumiza. Usivipeleke mlimani vikiwa vipya, vivae kwanza hapo kwenye cherehani, wateja wacheke. Kata kucha. Maji kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijaja. Mwendo wako ni ule unaokuruhusu kuongea. Ukishindwa kuongea, unakimbia, punguza. Wewe sina wasiwasi, utaongea hadi kileleni.

Peremende weka mfukoni, siyo mkobani, na umwambie kiongozi habari ya sukari kabla hamjaanza. Usione haya. Wanawake wengi huumia mlimani kwa ajili ya haya, haya ya kusema nimechoka, haya ya kusema nataka kujisaidia, haya ya kusema kiatu kinanibana. Mwachie mama neno unapita njia gani na unarudi saa ngapi. Na ile saa ya kugeuka mkiipanga, ikifika mnageuka, hata kilele kikiwa puani.

Yale ya Mama Vifungo tuyaache, Shangazi. Yamepita.

Huku nami nimeanza kuwakusanya wanawake wa ghalani. Kuna mmoja mpishi wetu, hajawahi kupanda hata ngazi bila kulalamika. Nitamtoa hapo.

Kiberiti wako


Tarehe 30 Machi

Kiberiti,

Marahaba. Baba yako kalala sakafuni ulivyosema, akasinzia, mama yako akamruka mara mbili akifagia. Mgongo unaendelea vizuri.

Nimekwenda! Siyo mlimani, kule kwenye vilima vya nyuma ya bwawa, mazoezi ya kwanza. Bi Dereva katupanga mstari, mwepesi nyuma, mzito mbele. Mzito nani? Mimi. Nikawekwa mbele ya watu wote kama bendera. Nikamwambia unanitangaza. Akasema hapana, mama, mwendo wa kundi ni mwendo wako, hakuna wa kukuacha. Unajua neno lile lilinigusa? Maishani mwangu sijawahi kungojwa na mtu, mimi ndiye ninayengojwa na nguo za watu. Nikatembea kwa madaha.

Viatu nilivivaa dukani kama ulivyosema. Mteja mmoja akaniuliza nahamia wapi. Wakati wa kushuka nilijitia ujana nikanyoosha miguu, goti likaniambia ukweli. Bi Dereva katufundisha kukunja magoti na kukanyaga mguu mzima. Mbona hukuniandikia hilo?

Na filimbi hukunijibu. Wenzangu wote wanazo shingoni, mimi naonekana mgeni. Iko wapi?

Siku ile nikirudi nimebeba fimbo, tope hadi magotini, Mama Vifungo alikuwa mlangoni kwake. Alinitazama viatu. Akafungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani. Mimi nikajitia hamnazo.

Shangazi


Tarehe 6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa, ghalani tulikuwa tunahesabu mali, watu hatulali. Hongera ya kuwa bendera! Hilo la magoti nililisahau, kweli. Fimbo ukishuka irefushe, ukipanda ifupishe.

Filimbi ilipotea wakati wa kuhama. Nunua nyingine, zimejaa. Ukiishonea kamba, jifunze na kuifunga mkononi, kwa sababu ya shingoni hunasa kwenye matawi. Fundo langu ni hili: zungusha mara mbili, pitisha chini, acha kitanzi kidogo kikitazama vidoleni. Halilegei likilowa. Ila huwezi kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, lazima mwenzako akufunge. Hilo ndilo ninalolipenda, linawalazimisha wanawake kushikana mikono kabla ya safari. Kupuliza mara tatu maana yake nisaidieni. Usipulize kwa mchezo.

Sasa nina ombi. Huku kundi limekua, na ghala limekubali kutupa gari la kutufikisha mlima mkubwa wa huku mwezi wa kumi. Ila mpishi na wenzake wanataka neno kutoka kwa mtu wa kundi la zamani, kwamba mimi ni wa kuaminika, kwa vile wana watoto nyumbani. Bi Dereva sitaki kumsumbua. Niandikie wewe. Wewe sasa ni mwanamlima, na neno lako ni zito kuliko la mtu yeyote.

Kiberiti wako


Tarehe 21 Mei

Kiberiti,

Marahaba. Neno lako nimeliandika na limo humu ndani, kwenye karatasi ya pekee, uwape. Nimeandika kwa mwandiko wa kujikaza. Nimewaambia nimekulea pamoja na baba yako, na kwamba ukisema unarudi, unarudi. Bi Dereva sikumhusisha, ingawa sikuelewa anasumbuliwa na nini.

Mama yako anasema una deni la kuja kumwona, na anakutumia blanketi kwa mtu.

Jumamosi tulikwenda mpaka mguuni pa mlima wenyewe. Nimejifunza, mwanangu! Tumefundishwa kulaza mgonjwa, kufunga kifundo cha mguu kwa kitambaa, kusoma wingu. Halafu Bi Dereva akavua filimbi yake akatuonyesha. Kasema kwenye kundi hili kuna sheria moja isiyovunjwa. Kiongozi akilazimika kumwambia mtu angoje mahali, humwachia filimbi yake mwenyewe, anamfunga mkononi, na kumwambia usimpe mtu mwingine, nitairudia. Anaiweka rehani. Kwa hiyo kiongozi asiye na filimbi, wote wanajua kuna mtu anamngoja, na hawezi kufika chini bila kuirudia. Nilisisimka mwili. Nikauliza nani aliyewaza jambo zuri namna hii? Akasema, wewe huna habari? Ni mtoto wa kaka yako.

Nilijivuna mpaka mkanda wa suruali ukanibana. Mbona hili hukuniandikia? Umeniandikia hadi habari ya kucha!

Shangazi, mwanamlima


Tarehe 3 Juni

Kiberiti,

Sikungoja jibu lako. Wazima nyumbani, wanakusalimu, yatosha.

Jana mteja alikuja na sketi ya kazini, zipu imekufa, anaondoka safari saa ileile. Zipu ya rangi ile sina. Kuvuka mji siwahi. Nikasimama barazani nikiuma kidole, halafu nikajiambia biashara haina kinyongo, nikaingia kwa Mama Vifungo. Mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Alikuwa anapima lastiki. Kidole cha mwisho cha mkono ule hakinyooki, anakishikia kwenye rula kwa mkono wa pili. Hakunisalimu, sikumsalimu. Nikasema zipu. Akageuka kuitafuta. Na mimi, macho yangu yakaenda ukutani, kwenye msumari anaotundikia mkasi.

Kamba ya kahawia. Uzi wa chungwa. Mshono wangu, Kiberiti. Mshono wangu hata gizani naujua kwa kidole.

Niliuliza, hiyo umeitoa wapi? Akanitazama kama anayepima iwapo nastahili jibu. Akasema, "Nilikuambia siku ile barazani, ukanifokea kabla sijamaliza." Nikasema, maliza sasa. Akasema ulimkalisha kwenye jiwe la njia panda kwa sababu goti lilikuwa limemvimba, wengine walikuwa wametangulia, hakuna aliyesikia. Ukamfunga filimbi mkononi. Ukamwambia usiondoke hapa na hii usimpe mtu, nitairudia mwenyewe. Akakaa. Ukungu ukaja, akakaa. Mvua ikaja, akakaa, anapuliza mara tatu, mara tatu, mpaka midomo ikakauka. Kulipoanza kuwa giza ndipo akateremka peke yake, akaanguka.

Nikalipa zipu. Nikatoka bila chenji.

Sema kitu, mwanangu. Niambie nimeona vibaya. Nakuomba uniambie nimeona vibaya.

Shangazi


Tarehe 15 Julai

Shangazi, shikamoo.

Natumaini mgongo wa baba haujambo. Blanketi la mama limenifikia, asante sana. Kazi nyingi.

Shangazi, usijiumize kwa hayo. Filimbi ile ilinidondoka njiani siku ile, pale juu, kamba ilikuwa imelegea. Lazima aliiokota yeye. Nilikuambia ilipotea wakati wa kuhama kwa sababu sikutaka ujisikie vibaya kwamba kazi yako ya mkono niliiangusha. Mama Vifungo ana uchungu wa mkono wake, na mtu mwenye uchungu hutafuta wa kumbebesha. Simlaumu.

Kama anaweza kukupa, ichukue tu, unitumie. Ni kazi yako, inastahili kuwa kwangu. Na tafadhali usimpe Bi Dereva la kusema. Yule anajua kuongeza chumvi.

Kundi langu linakushukuru kwa neno lako. Mpishi kalisoma kwa sauti, wanawake wakapiga makofi.

Kiberiti wako


Tarehe 28 Julai

Kiberiti,

Nilirudi dukani kwake. Nilimwomba niishike, tu niishike. Akanipa.

Kamba haikulegea. Kamba imekatwa, kwa mkasi mkali, mara moja. Mkono wa fundi unajua kitambaa kilichochanika na kitambaa kilichokatwa. Mama Vifungo kasema muuguzi ndiye aliyeikata hospitalini, kwa sababu mkono ulivimba na fundo halikufunguka. Fundo lenyewe bado lipo. Limezungushwa mara mbili, limepita chini, lina kitanzi kinachotazama vidoleni. Halilegei likilowa. Huwezi kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, lazima mwenzako akufunge. Barua yako ninayo hapa mezani, sihitaji kuongeza chumvi.

Nilisimama mbele ya mwanamke yule, Kiberiti, nikatamani ardhi inimeze. Umenifanya mjinga. Siyo kwa kuogopa mvua, kuogopa kila mtu anaogopa. Nilikukingia kifua. Nilimfukuza rafiki yangu barazani, bandeji ikiwa bado nyeupe, kwa ajili ya neno lako. Mwaka mzima na zaidi nimemgeuzia kisogo mtu aliyenikopesha mkasi siku nilipoanza kazi. Na wewe ulikuwa unajua. Ulisoma barua yangu ya kwanza, nilipokuandikia namna nilivyomfukuza, ukanijibu "tuyaache, yamepita". Macho makavu! Kwako yalipita. Kwake yapo kwenye kidole.

Halafu ukanitumia mimi huyuhuyu nikutolee ushahidi kwa wanawake wa watu. Nimewaandikia kwa mkono wangu kwamba ukisema unarudi, unarudi. Hilo ndilo linalonikata maini. Ungeweza kuniomba chochote, figo ningekupa. Wewe ukaniomba jina langu ukalitandike juu ya uongo wako.

Sikusalimii.


Tarehe 19 Septemba

Shangazi,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Ni kweli. Tulipofika juu mvua ikaanza, wanawake wakaanza kulia, mmoja akateleza. Nikawapitisha njia ya misonobari kwa kuwa ni fupi, ingawa haipiti njia panda. Nikajisemea nikiwafikisha chini nitapanda tena kumchukua. Nilipofika chini nilikuwa natetemeka, gari linawasubiri, nikajiambia keshateremka mwenyewe, mtu mzima yule. Walipouliza yuko wapi, nikasema nilimwambia ashuke na wenzake akakataa. Neno lilinitoka tu, na kwa mvua ile hakuna aliyetazama kama nina filimbi. Halafu kila mtu akalishika, na wewe ukalishika kwa nguvu kuliko wote. Ningekunyang'anya vipi? Ulikuwa unaniona wa maana.

Nilihama kwa sababu ya ule ukuta wenu. Kila nikija kwako nilikuwa namsikia upande wa pili anakohoa.

Huku mlimani tunakwenda mwezi ujao. Nawafundisha vizuri, Shangazi, hata mpishi sasa anapanda. Sheria ya rehani sijawafundisha, siwezi kuitamka. Nakuomba mambo mawili. Iombe ile filimbi kwa Mama Vifungo, unitumie, niwe nayo siku ile. Na neno uliloniandikia, liache lilivyo. Nisamehe.

Kiberiti


Tarehe 4 Oktoba

Mtoto wa kaka yangu,

Kwenu wazima. Baba yako nimemweleza, ni haki yake. Aliniomba nimpe muda, akatoka nje bila hata kushika mgongo. Mama yako analia jikoni, sitakuficha.

Wiki iliyopita tulipanda mlima wenyewe, mpaka juu. Nilifika. Nilitaka siku hiyo niwe na furaha na nilikuwa nayo kidogo, sukari ilikaa mahali pake, magoti nilikunja. Lakini wakati wa kupanda tulipofika njia panda nilimwomba Bi Dereva anipe nafasi nikae kwenye lile jiwe. Akavua filimbi yake akanifunga mkononi, akaenda na wenzake hadi kwenye kona, nisipowaona. Nilimwomba mwenyewe. Nilitaka kujua.

Pale hapana mti wa kujikinga. Upepo unakuja pande zote. Unasikia sauti za wenzako, halafu husikii. Kila jiwe likibingirika unasema huyo anakuja. Mimi jua lilikuwa linawaka na nilijua wako kwenye kona, na bado mate yalinikauka. Bi Dereva alipotokea nilimshika mkono kama mtoto. Yeye akafungua fundo, akavaa filimbi yake, tukaendelea.

Niliposhuka sikupita nyumbani. Nilikwenda kwa Mama Vifungo na tope langu. Nilimwambia nimekosa. Nilimwambia mbele ya wateja wawili, kwa sababu nilimfukuza mbele ya watu. Hakuniambia yamepita. Alinivutia kiti, akaendelea kupima lastiki, na nikamshikia ule upande wa rula kidole kisipofika. Tulipima mpaka akafunga duka. Bado hatujacheka. Uzi nanunua kwake.

Sasa ombi lako la pili. Neno nililoandika nimelifuta. Nimewaandikia mpishi na wenzake barua nyingine, kwa anwani ya ghala, yumkini wameshaipata. Nimewaeleza yaliyotokea, bila matusi, bila kuongeza. Nimewaambia pia kwamba unajua kazi na kwamba mimi ulinifundisha vizuri, maana ni kweli. Waamue wao, wana watoto nyumbani. Utasema nimekusaliti. Sema. Mimi na wewe sasa tunajua neno hilo lina ladha gani.

Na filimbi. Niliiomba, Kiberiti, kwa ajili yako, damu ni damu. Nilimwambia anipe mimi nikuletee, au niitume kwenye bahasha. Aliishusha kwenye msumari, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akaitundika tena.

Akasema, "Siwezi kumpa mtu mwingine. Aliniambia atairudia mwenyewe. Mwambie bado nangoja."

Shangazi yako